Kundi la WhatsApp la wanafunzi wapya: uzoefu wangu kutoka Arua hadi Makerere

Barua ya kukubaliwa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, ilinikuta nyumbani Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda. Kampala sikuwa na ndugu, na Kiganda changu kiliishia kwenye salamu. Nilipotumiwa kiungo cha kundi la WhatsApp la wanafunzi wapya, nilijiunga usiku uleule.

Kundi lilikaribia kujaa, maana mwisho wake ni watu 1,024. Siku tatu nilisoma tu bila kuandika neno: salamu, stika, mabishano ya mpira. Bando likaisha. Tangu Julai 2021 bando letu linatozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo kabla ya yote zima upakuaji wa picha na video kwenye mipangilio.

Siku ya nne nikauliza kwa Kiswahili: "Nani anapanda basi la Kampala kutoka Arua Jumamosi?" Wakajibu wanne. Mmoja wa Koboko, wawili wa hapo hapo mjini, na mmoja wa Nebbi ambaye angepandia njiani. Tukafungua kikundi chetu, tukakata tiketi za siku moja, na tulipofika daraja la Karuma tulikuwa tunagawana karanga kama watu waliokua pamoja. Hao ndio niliopanga nao foleni ya usajili. Yule wa Koboko ndiye ninayekaa naye chumba kimoja Kikoni mpaka leo, na nilipougua malaria muhula wa kwanza, yeye ndiye aliyenipeleka zahanati kwa bodaboda usiku.

Kaka yangu aliwapata wenzake kupitia Facebook, lakini ilifungwa nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi. Sisi tukabaki na WhatsApp.

Jambo moja bado linaniuma. Dalali aliingia kundi kubwa na picha za hosteli nzuri ya Wandegeya, akadai amana kwa simu. Msichana mmoja alituma shilingi 200,000. Chumba hakikuwepo, namba ikazimwa. Admini alimwondoa dalali, pesa hazikurudi. Tafadhali, usilipe chochote kabla hujaingia ndani ya chumba chenyewe.

Agosti hii nimeandika mimi kwenye kundi la wapya: "Nani anatoka West Nile?", yaani eneo letu la Arua. Mpaka sasa wamejibu kumi na mmoja, na tunawatafutia basi la Ijumaa asubuhi.