Jeki za Neutrik XX kwa kebo za maiki unazounga mwenyewe: uzoefu wangu Lamu

Kazi yangu ni vyombo vya sauti hapa Lamu: harusi, mawaidha, mikutano ya hadhara, na Maulidi yakikaribia simu haitulii. Jeki za XLR, zile za pini tatu za kebo za maiki, nimezitumia za kila namna. Kwa muda sasa kebo zangu zote mpya nazifunga kwa jeki za kampuni ya Neutrik, familia ya XX: NC3MXX ndiyo dume, NC3FXX ndiyo jike. Nawaandikia hasa wenzangu wa pwani, kwa sababu naona watu wakitupa kebo nzima ya mita kumi ilhali waya wenyewe ni mzima na kilichokufa ni jeki.

Adui yetu huku ni chumvi. Zile jeki rahisi zisizo na jina hubana waya kwa skrubu ndogo, na skrubu hizo ndizo za kwanza kushika kutu. Siku ukitaka kuifungua uitengeneze, bisibisi inakula kichwa cha skrubu na unabaki huna la kufanya ila kuikata. Tena plastiki inayoshika pini ni dhaifu. Pasi ya kulehemu ikikaa kidogo tu, plastiki inalainika, pini inalala upande, na jeki haiingii tena sawasawa kwenye miksa.

XX haina skrubu hata moja. Ndani mna kibanio cha plastiki kinachouzunguka waya, na ukikaza kifuniko cha nyuma kwa mkono, kibanio kinauma waya chenyewe. Inapokea waya wa unene wa milimita 3.5 hadi 8, kwa hiyo kebo nyingi za maiki zinaingia bila shida. Kwenye hafla moja ya madrasa mtoto alijikwaa kwenye waya akikimbilia mbele, stendi ikaanguka na maiki yake. Nilipofungua jeki nikatazama ndani, hapakuwa na uzi hata mmoja wa shaba uliosogea. Tangu hapo sijarudi nyuma.

Kuna aina mbili za kuchagua. Ya kawaida ina ganda la nikeli na pini zilizopakwa fedha. Yenye herufi B mwishoni ina ganda jeusi na pini zilizopakwa dhahabu. Fedha huingia weusi ikikaa hewani, dhahabu haiingii. Kebo inayochomekwa na kuchomolewa kila wiki, ule weusi unajisugua wenyewe na hutauona. Lakini kebo inayolala sandukuni kutoka msimu hadi msimu, tena nyumba iko karibu na bahari, hiyo mimi naifungia B bila kujiuliza.

Sasa kuunga kwenyewe. Pini 1 ni ya erthi, yaani wavu wa shaba unaozunguka waya. Pini 2 ni chanya, pini 3 ni hasi. Sauti hupita kwenye 2 na 3 kwa mwelekeo wa kupingana, na uvumi wa umeme (ile kelele ya mngurumo) unaoingia njiani huzipata zote mbili sawasawa. Miksa ikichukua tofauti baina yake, uvumi unajifuta na sauti inabaki. Ndiyo maana kebo iliyofungwa vizuri inaweza kuvuka ua mzima isilete kelele za jenereta. Pini 1 ikikatika, maiki za kondensa zinazohitaji umeme wa fantomu, yaani volti 48 zinazotoka kwenye miksa kupitia kebo hiyo hiyo, zitanyamaza kabisa.

Angalieni hapa: mpangilio wa pini kwenye dume na jike ni kama kujitazama kwenye kioo, kulia kunakuwa kushoto. Usikisie, soma namba. Zimeandikwa kwa maandishi madogo karibu na kila pini, upande wa kulehemia pia. Ukibadilisha 2 na 3 upande mmoja, maiki itasikika kama kawaida, na hapo ndipo mafundi wengi hudanganyika. Weka maiki hiyo pamoja na nyingine mbele ya matari, utasikia besi imekonda, mdundo hauna kifua. Watu watalaumu spika. Kupima kwa mita, pini kwa pini, kabla ya kufunga ganda ni kazi ya dakika moja.

Kifuniko cha nyuma kiingie kwenye waya kabla hujawasha pasi. Mimi hutumia risasi ya kulehemia ya 60 kwa 40 (bati 60, risasi 40), huyeyuka upesi, na kila ncha naipaka risasi kwanza kabla ya kuigusisha na pini. Wavu usokote ukaze, uuvishe kimpira, maana uzi mmoja tu ukigusa pini 2 sauti inaharibika. Ganda la jeki siliungi na pini 1. Naliacha peke yake.

Bei ni kubwa, nakubali. Kwa bei ya moja unapata kadhaa za zile rahisi. Mimi huagiza Nairobi, maduka ya Luthuli Avenue, mzigo unapanda basi hadi Mokowe, gati la upande wa bara, kisha boti. Muwe macho, bandia zipo. Ukiletewa, tazama maandishi ya chapa kwenye ganda kama yamekaa safi, kaza na kulegeza kifuniko uone hesi zake zinapita laini, na ujichunge na bei iliyo rahisi mno.

Kama waya wako unazidi milimita 8, XX si yake, tafuta jeki ya waya nene. Na kwa kebo fupi za nyumbani, kutoka miksa hadi amplifaya, zikichomekwa na kuchomolewa mara kwa mara, ile ya fedha inatosha. B ziwekee kebo za maiki za uwanjani na za msikitini zinazolala sandukuni hadi msimu mwingine.