Kliniki ya akili ya wanajeshi wastaafu: dirishani wanafukuza watu, ndani kuna mtu anajua kazi

Nianze na dirisha la usajili, maana hasira haijaniisha. Karani anauliza kwa sauti, foleni nzima ikisikia: "Mzee, ni kichwa kinakusumbua?" Mbele ya watu waliotumikia Somalia, wengine wakiwa mkoa wa Gedo mwaka ule kambi ya El Adde iliposhambuliwa, 2016! Mwenye kiwewe cha vita hata kukaa na mlango mgongoni hawezi. Ukimfedhehesha hapo, anaondoka. Mmoja aliondoka nikimwona, na sidhani atarudi.

Daktari wa zamu naye hakuuliza ndoto wala pombe, akaandika diazepam ya mwezi mzima. Diazepam inalaza tu. Mwili huizoea, na ikikutana na pombe inaweza kuzima pumzi. Mwongozo wa Marekani wa 2023 kwa wanajeshi na wastaafu unashauri isitumike kwa ugonjwa wa kiwewe. Inayopendekezwa ni dawa kama sertraline: kwa kawaida miligramu 25 wiki ya kwanza, kisha 50, halafu unasubiri wiki kadhaa ndipo uone nafuu, na huiachi ghafla.

Nilitaka kuwapa nyota moja. Lakini mshauri wa chumba cha nyuma ni mtu wa kushukuriwa kwa dhati. Anafunga mlango, anakuacha uchague kiti. Anakupa dodoso la maswali 20 kuhusu dalili za kiwewe, kila moja alama 0 hadi 4. Ukifikisha jumla ya 31 hadi 33 hivi, anakufanyia mahojiano kamili. Anakueleza mapema kwamba tiba ni kama vikao 12, kuna kazi ya kuandika nyumbani, na mwanzoni usingizi unaweza kuharibika zaidi. Wengi huacha hapo hapo wakidhani tiba imewazidishia. Wala hakulazimishi kusimulia tukio lote.

Halafu wakamhamisha, tiba ikiwa katikati! Aliyekuja akafungua faili, hamna kitu, akasema: "Haya, tuanze upya, siku hiyo ilikuwaje?" Hilo ni kumtonesha mtu kidonda kwa uzembe wa karatasi. Mkienda, kila kikao dai waandike kwenye kitabu chako cha kliniki alama za dodoso, kikao cha ngapi, na kipimo cha dawa. Piga picha kabla hujatoka.

Nyota mbili. Tatu, ikiwa yule mshauri amerudishwa. Pigeni simu muulize kwanza.