Linki ya malipo kwa mpiga picha: nyota nne

Napiga picha za hafla, na tarehe ya mteja siifungi mpaka alipe malipo ya awali. Kwa hilo linki ya malipo imenifaa kuliko njia nyingine. Naandika kiasi na tarehe ya kazi, namtumia kwenye simu, anachagua alipe kwa benki, pesa za simu au kadi, kisha risiti inatufikia wote wawili. Zile za "nimeshatuma, hebu angalia vizuri" zimekwisha.

Msimbo wa QR unafaa mkiwa ana kwa ana, ila chukua ule unaobeba kiasi ndani yake. Ule wa kubandika ukutani mteja anajiandikia kiasi mwenyewe, na sifuri moja ikipungua, shughuli ipo.

Nyota niliyoipunguza ni ya kadi. Makato yapo, pesa zinakawia kuingia, na mteja anaweza kuyapinga malipo benki kwake hata wiki kadhaa baada ya kukabidhiwa picha. Yamenikuta. Kilichoniokoa ni masharti ya kughairi, ambayo alikuwa ameyatia tiki kabla ya kulipa. Na kampuni inayonipokelea malipo, pamoja na kwamba nilishinda, ilinikata ada ya mgogoro!