Vitabu vya kuazima nyuma ya soko, Mtwara: doa la mafuta ni mia mbili

Babu wa kibanda cha vitabu vya kuazima aliposikia nataka kumwandika alisema neno moja tu: "Andika, binti, ila usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa." Ningempaka yapi, na mafuta yangu yote yameishia kwenye vitabu vyake?

Basi naanza na ubaya. Ukifika pale mara ya kwanza utadhani umekosea mlango. Juu ya meza hakuna riwaya hata moja. Kuna vitabu vya kiada, kuna mitihani iliyopita ya kidato cha nne imefungwa kwa kamba ya katani, kuna kamusi ambayo herufi A yote imekwenda na maji, inaanzia B. Riwaya ziko chini ya meza, kwenye maboksi mawili ya biskuti na gunia moja la korosho, na hazina mpango wowote. Lazima uchuchumae. Mtu umesimama jikoni tangu saa kumi alfajiri, halafu jioni uchuchumae tena kutafuta kitabu! Nimemwambia mara tatu anunue kigoda, hata kimoja. Anajibu kwamba mwenye shida na kitabu atakifuata kilipo.

Ubaya wa pili si wake peke yake. Vitabu vingi vimepitia mikononi mwa wanafunzi, na mwanafunzi wa Kiswahili hasomi kitabu, anakichinja. Kila jina limepigiwa mstari mwekundu, kila ukurasa pembeni una "dhamira", "mbinu", "falsafa ya mwandishi". Niliazima Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo kwa sababu ya jina tu, nikacheka peke yangu: mama ntilie anasoma habari za mama ntilie. Kicheko kilikatika pale Peter na Zita wanapofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Mwaka ule mwanangu wa pili alikuwa na daftari moja kwa masomo mawili, hisabati akianzia mbele, sayansi analigeuza na kuanzia nyuma, na yalikuwa yanakaribia kukutana katikati. Pembeni ya ukurasa mwanafunzi fulani ameandika kwa penseli: "Mama Ntilie: mchapakazi, mlezi, anafaa kuigwa." Huwa nafuta maandishi ya penseli. Hayo sikuyafuta.

Kwa asiyejua, nazungumzia kibanda cha vitabu vya mtumba na vya kuazima, nyuma ya soko hapa Mtwara mjini, ule upande wa mafundi cherehani. Hakina bango. Uliza babu wa vitabu, mtoto yeyote atakuonyesha. Mimi napika Feri, pale samaki wanapouzwa: chai asubuhi, wali na ugali mchana, samaki wakati wote. Maktaba ya mkoa ipo, lakini saa zake ndizo saa zangu za kukaanga. Babu yeye anafunga baada ya magharibi, taa ya sola ikining'inia kwenye mwavuli, nami napita nikirudi nyumbani na beseni langu kichwani.

Utaratibu wake ni huu. Kuazima ni shilingi 500 kwa wiki, kitabu kinene 1,000. Unaweka rehani ya 5,000, unarudishiwa siku ukirudisha kitabu. Ukichelewa, 100 kwa siku. Ukikunja kona ya ukurasa atakusema mpaka ujute. Doa la mafuta ni 200 kwa kila ukurasa, na sheria hii sijasikia akimtoza mtu mwingine isipokuwa mimi. Anakishika kitabu, anakinusa, anasema, "Vibua." Siku nyingine, "Leo changu." Hakosei, na hilo ndilo linaloniudhi. "Kitabu si nkate, binti," ananiambia kwa ulimi wetu wa huku. "Hakitaki mafuta."

Siku ya kwanza sikuwa na hiyo 5,000. Ilikuwa mwezi wa nane, msimu wa korosho bado, wakati ambao nusu ya mji inaishi kwa daftari la mkopo dukani. Lakini nilikuwa nimekiona Peponi, na jalada lake bado linateleza: tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Tafsiri ilitoka mwaka 2022 nami nilikuwa nimeisikia redioni tu. Babu akasema weka chochote. Mkononi nilikuwa na doti ya kanga niliyopewa asubuhi ile na wifi yangu, haijakatwa hata pindo. Nikaiacha.

Nikaenda nyumbani na kitabu cha mtoto Yusuf, anayechukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Mtoto ni rehani na mwenyewe hajijui. Nilifika hapo usiku, taa inafifia, nikaikumbuka kanga yangu ndani ya lile gunia la korosho, nikaona haya utadhani nimeuza mtu. Asubuhi nilimkopa muuza pweza nikaikomboa. Kitabu nilikaa nacho wiki nne, na kuna mahali nilisahau kabisa kwamba kiliandikwa kwanza kwa Kiingereza.

Tangu hapo neno rehani linanifuata. Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, nimeiazima mara mbili kwa ajili ya yule mkopeshaji anayedai ratili ya nyama ya mdeni wake. Babu akaniambia nimshukuru Mungu, yeye anachukua mia mbili tu.

Watu huniuliza nasoma saa ngapi. Saa tatu na nusu wateja wa chai wamekwisha, maharage yako motoni, waliovua usiku wameshauza. Hapo nina saa nzima na robo. Nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwenye nguzo, mkono wa kushoto na kitabu, wa kulia nimeuachia mwiko. Madoa yote yanatoka hapo, mkono wa kulia unajisahau. Usiku ni kurasa mbili tatu, usingizi umefika. Kuanzia Oktoba korosho zikianza kuuzwa, watu wana fedha na mimi sipumui, kitabu kimoja kinachukua mwezi. Ila Jumapili mchana, nikiwa na sahani yangu ya ming'oko na pilipili ya unga, sitaki kuitwa na mtu.

Alama yangu ya ukurasa ni gamba la pono. Pono ana magamba mapana. Ukiliosha moja kwa sabuni ukalianika siku mbili, linakuwa jembamba na gumu, ukiliweka juu ya mstari unayaona maandishi chini yake. Nayasahau sana ndani ya vitabu, na babu hajawahi kunitoza kwa gamba. Siku moja nilimkuta mwanafunzi wa ualimu anauliza hiki ni kitu gani humu ndani. Babu akamjibu, "Hapo ndipo alipofika Mama Feri. Ukipita hapo umemshinda."

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote ni Kuli ya Adam Shafi, habari za makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Marehemu baba yangu alibeba magunia ya korosho bandarini hapa hapa, bandari ambayo Waingereza waliijenga kwa ajili ya karanga zao, karanga zikawashinda, na reli yake ikang'olewa miaka ya 1960. Baba hakujua kusoma. Bega lake moja lilikuwa limeshuka kuliko jingine, na shati lolote alilovaa lilionekana limeshonwa vibaya.

Nilikuwa nakisoma kimoyomoyo, midomo inacheza, wabeba samaki wawili wakaniuliza ninasoma dua gani. Nikawasomea kwa sauti. Kesho yake walikuwa watano. Wiki ya pili, saa tatu na nusu ikifika, kuna mtu keshashika mwiko anakoroga maharage kwa niaba yangu. Walibishana vibaya sana juu ya ule mgomo. Mmoja anasema kugoma ni kulala njaa leo. Mwenzake anamwambia, kwani wewe jana ulilala umeshiba? Tunabeba ndoo kwa bei ile ile ya mwaka juzi. Haukupita mwezi, bei ya kubeba ndoo moja ikapanda kwa shilingi mia. Sisemi ni Adam Shafi. Ila tajiri mmoja wa mashua alikuja kuniuliza, kwa upole kabisa, kitabu kile kinakwisha lini.

Nilipokirudisha kilikuwa na madoa kumi na moja, na si yote yangu. Nililipa 2,200 sikubisha.

Vingine nitavipitia haraka. Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, nampenda tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, kwa sababu anakaa na kiko chake anafikiri kwanza. Mtu anayefikiri kabla ya kusema namwamini, Feri hawapo wengi. Willy Gamba, yule jasusi wa Elvis Musiba, usimtafute pale, hutamkuta. Anazunguka kwa madereva wa bodaboda, akirudi asubuhi jioni keshaondoka. Nagona ya Kezilahabi ni kijitabu chembamba, ungesema utakimaliza chai haijapoa. Nimekiazima mara tatu, 1,500 imekwenda, na bado sijui nilipopelekwa. Sijakata tamaa, nangoja nizeeke kidogo.

Sasa lile lililotugombanisha. Vitabu vya zamani vimeshonwa mafungu mafungu, na unyevu wetu huu wa pwani ukishakula gundi na uzi, haung'oki ukurasa mmoja, linadondoka fungu zima. Niliazima riwaya ya upelelezi isiyo na jalada wala kurasa za mwanzo, jina lake silijui mpaka leo. Nimesoma siku sita. Nimefika mpelelezi amewakusanya watu wote sebuleni, anafungua kinywa amtaje muuaji, nageuza ukurasa nakutana na karatasi za daftari. Zimeshonwa kwa uzi wa nyavu, zimeandikwa kwa kalamu ya bluu. Mtu kakimalizia kwa mkono, kurasa nne. Muuaji ni shemeji. Herufi zimelala upande kama zimechoka, na katika aya ya mwisho mpelelezi anaondoka kwenda kula pweza wa nazi, mtu ambaye kitabu kizima hakugusa chakula.

Nilimwendea babu nimevimba.

"Babu, umeniazima kitabu hakina mwisho."

"Si umeusoma?"

"Ule kaandika nani?"

"Mlinzi wa ghala la korosho. Alikisoma zamani kikiwa kizima, akasema anaukumbuka."

"Na kama amesahau?"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Basi kamsingizia shemeji wa watu."

Mia tano yangu hakuirudisha. Nalisema hapa kwa sababu ni haki ya mteja: kitabu kibovu kitajwe ubovu wake kabla fedha haijatoka mfukoni. Mimi nikiuza samaki asiye na kichwa namwambia mtu kabla hajakaa. Tulinuniana wiki mbili, nikasoma magazeti ya kufungia maandazi. Niliporudi nikakuta amebandika vipande vya karatasi: vingine "Hakina mwisho", vingine "Mwisho wa mkono". Ajabu ni kwamba hivi vya mwisho wa mkono sasa vinagombewa. Kijana mmoja wa bodaboda anasema yeye vya kiwandani havimtoshi.

Mambo mawili ukienda. Mzigo mpya hutoka Dar es Salaam kwa basi, boksi moja kwa mwezi akijaliwa, kwa hiyo usitegemee kila wiki kuna kipya. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua zile na barabara ikakatika upande wa Kilwa, tulirudia vile vile mpaka tukajua majina ya waliovipigia mistari. La pili, kuanzia Desemba mpaka Aprili mwambie akufungie kitabu kwenye nailoni. Anazo, ila bila kuambiwa hafungi.

Ningempa alama saba kwa kumi. Moja nimekata kwa kigoda, mbili kwa shemeji.

Wiki iliyopita nilipita kama kawaida na beseni langu. Akatoa riwaya kutoka kwenye boksi la chini, niliijua kabla hajanipa, nimeisoma mara mbili na gamba langu bado limo. Fungu la mwisho halipo. Juu yake kaweka karatasi nne za daftari na kalamu ya bluu. Akasema ya wiki hii hanitozi, ila doa ni mia mbili pale pale. Nimeandika kurasa mbili mpaka sasa, nikiwa juu ya ndoo yangu, maharage yakichemka. Ya pili tayari ninadaiwa.