Lushoto au Ziwa Natron: wapi tupige hema kipupwe hiki?

Kutoka Arusha kwenda Lushoto kwa pikipiki ni lami mwanzo mwisho: Moshi, Same, Mombo, kisha kilomita 33 hivi za kupanda Usambara, kona juu ya kona. Kama umempakia mwenzio au pikipiki ni ndogo, nenda huku. Sokoni kuna mboga na matunda, fundi hakosekani. Shida ni baridi: mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Julai alfajiri hema huwa limelowa umande chepechepe. Beba blanketi zito.

Natron ni habari nyingine. Lami inakuacha Mto wa Mbu. Kuanzia hapo ni mawe, changarawe na vumbi la majivu ya volkano, laini kama unga wa ngano. Tairi la mbele likizama humo, usishike breki, liache lijitafutie njia. Jaza tangi kabla ya kuiacha lami, beba dumu la akiba, maji ya kutosha na vifaa vya kuziba pancha. Mchana jua linachoma kwelikweli. Lakini jioni mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai, mita 2,962, unageuka zambarau nyuma ya hema, na mbele yako liko ziwa ambalo flamingo wadogo wa Afrika Mashariki hulitegemea kwa kuzaliana.

Anayeanza, namwambia Lushoto bila kusita. Mimi narudi Natron, ila si peke yangu tena: safari iliyopita nilianguka, nikakaa juani kwa saa mbili hadi kijana wa Kimasai mwenye bodaboda akapita, tukainua pikipiki pamoja.