Nimerudia Star Wars kwa mpangilio wa hadithi

Mara ya kwanza nilizitazama filamu hizi zilivyotoka: tatu za 1977 hadi 1983, kisha tatu za 1999 hadi 2005, zinazosimulia yaliyotangulia. Safari hii nimeanza na Anakin, ndiye Darth Vader wa baadaye, akiwa mtoto, na imekuwa kama kutazama kitu kingine kabisa.

Zamani Darth Vader kwangu alikuwa mwenye uchu wa madaraka, basi. Sasa nimemwona kijana aliyefiwa na mama mikononi mwake, anayeota usiku mkewe Padmé akifa katika uzazi. Palpatine, kiongozi wa dola anayemvuta upande wa uovu, hamtegi kwa cheo. Anamketisha ukumbini, onyesho likiendelea, anamsimulia taratibu habari za bwana mmoja aliyejua kuwakinga wapenzi wake na kifo. Ian McDiarmid, anayemwigiza Palpatine, hapandishi sauti hata kidogo. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Tena anamwambia wazi kwamba bwana huyo alishindwa kujiokoa mwenyewe. Anakin hilo halikumwingia.

Baadaye, Padmé akiwa mjamzito, Anakin anajigamba mbele yake kuwa anaweza kumpindua Palpatine, watawale wao wawili. Punde tu anamkaba koo. Nilisimamisha filamu, nikairudisha nyuma mara mbili, nikitafuta ni wapi hofu ya kumpoteza mke iligeuka tamaa ya kutawala. Sikupaona, na nadhani hata yeye hakupaona.

Kasoro zipo. Maneno ya mahaba kwenye ile ya 2002 ni makavu mno, hasa yale ya Anakin kulalamikia mchanga. Nilipeleka mbele bila aibu.

Malipo yako kwenye ile ya 1983. Luke, mwana wa Anakin, anatupa upanga wake, anakataa kumuua baba. Palpatine anamchoma kwa radi. Vader anamtazama mwanawe, anamtazama bwana wake. Barakoa haina uso, lakini unajua kabisa kinachopita ndani. Kisha anambeba mzee yule juu juu na kumtupa shimoni, radi zikimpiga yeye. Toleo la diski la 2011 limemwongezea kelele za "Hapana!" hapo, wakati ukimya ule ndio ulikuwa utamu wenyewe. Ukipata la zamani, shika hilo.

Kama hujawahi kuziona, usinifuate mimi: anza na ya 1977. Mpangilio huu unafichua mapema mno baba ni nani.