Nilivyoachana na TV ya chogo: uzoefu wangu na flati ya inchi 32

Chogo langu, yaani TV ya zamani yenye mgongo mkubwa nyuma, lilikuwa la inchi 21, nilinunua 2009 nikiwa bado naishi geto la chumba kimoja Temeke, na limepitia mengi aisee. Desemba 2012 walipozima analojia hapa Dar likapona kwa kuwekewa king'amuzi, nimehama nalo mara tatu, likadondoka mara moja kutoka kwenye kirikuu na bado likawaka. Julai 2025 ndo likaanza kuzingua, picha inajikunja inakuwa mstari mmoja mweupe katikati ya skrini, sauti ipo kama kawaida, unalipiga kofi ubavuni linarudi. Mke wangu alikuwa na kofi lake, yaani mimi nikipiga halirudi, yeye akipiga linarudi. Fundi akasema IC imechoka, elfu 25 tu anabadilisha, nikampa, likakaa siku nne.

Na hapo CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ndo inaanza, mechi ya ufunguzi ni sisi Tanzania na Burkina Faso kwa Mkapa tarehe 2 Agosti. Nikaiangalia kibanda umiza nimesimama mlangoni, tumeshinda 2-0 na goli moja sikuliona kabisa sababu ya jamaa mmoja mrefu aliyesimama mbele yangu na kapelo. Nikarudi home nimeshaamua, kesho yake nikahesabu hela nikakuta ipo laki nne ya kutumia, kila kitu humo humo, na haiongezeki.

Kariakoo sasa. Ukishuka tu Msimbazi ukawa unaangalia mabango juu juu mawinga wanakujua, "kaka TV? friji? njoo nikupeleke dukani kabisa bei ya jumla", nikamfuata mmoja, tukapanda ngazi tukaingia duka lina TV ukutani kama ishirini zote zinaonyesha samaki na maua. Inchi 32 akaniambia laki 3 na 80. Nikasema ngoja nijipange. Kesho yake nikarudi duka lile lile peke yangu, TV ile ile, laki 3 na 45. Kwa hiyo elfu 35 ilikuwa cha juu cha winga, simlaumu kila mtu anatafuta, ila ujue.

Hiyo TV yenyewe ilikuwa dabo glasi. Kama hujui, dabo glasi ni ile imewekewa kioo kigumu cha ziada mbele ya skrini, na kwa mtu mwenye watoto wanaorusha mpira sebuleni inavutia kweli, muuzaji aliipiga ngumi mbele yangu. Tatizo kile kioo kinang'aa kama kioo cha kabati, dirisha langu liko upande wa pili wa TV, mchana ningekuwa naangalia sura yangu. Halafu boksi limeandikwa 4K, yaani picha kali kuliko hata Full HD, kwa herufi kubwa za dhahabu. 4K kwa laki 3 na 45! Nikamuuliza muuzaji kioo chenyewe ni resolusheni ngapi, yaani kina nukta ngapi za picha, akachukua rimoti akabonyeza INFO ikatokea 1080p, akasema umeona mwenyewe, Full HD hiyo na ukiiwekea video ya 4K inapiga.

Hapa kuna jirani yangu fundi simu lazima nimshukuru maana aliniambia kabla sijatoka: ile INFO inakuonyesha picha inayoingia, sio kioo kilichopo. TV inaweza kupokea 4K ikaifinyanga ikaionyesha kwenye kioo kidogo na isikwambie kitu. Njia rahisi geuza TV nyuma, soma namba ya modeli, itafute kwenye simu hapo hapo dukani. Ile ya 4K namba yake niliitafuta haikutokea popote duniani. Nikaaga.

Maduka mengine matatu manne hivi nikawa na utaratibu wangu. Nilikwenda na flashi yangu mwenyewe yenye vitu viwili, kipande cha mpira na kipande cha taarifa ya habari yenye yale maandishi yanayopita chini. Wale samaki wa dukani usiwaamini, ile video imetengenezwa ipendeze kwenye TV yoyote na wameiweka kwenye mudi ya Vivid inayowaka kama taa ya harusi. Mpira ndo unaumbua, angalia mpira wenyewe ukipigwa mbali, kwenye TV mbovu unaacha mkia kama kimondo. Na yale maandishi ya chini yakipita kama huwezi kuyasoma vizuri basi ndo hivyo. Kitu cha tatu nilichuchumaa. Watu dukani wakacheka lakini nilikuwa na sababu, watoto wangu wanaangalia TV wamelala kwenye mkeka, na kuna vioo vya bei rahisi ukiviangalia kutoka chini rangi zinageuka, mtu mweusi anakuwa wa kijivu, jezi nyekundu inakuwa sijui nini. Mbili zilifeli hapo hapo kwa kuchuchumaa tu.

Nikaishia kwenye brandi moja ya kichina inayojulikana, sitaitaja kwa sababu nina malalamiko huko mbele na sitaki kesi na mtu. Inchi 32, smati, laki 3 na 70 baada ya kubembelezana, waranti mwaka mmoja na risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA (dai hiyo risiti, bila hiyo waranti ni karatasi ya kufungia vitumbua). Na nilisoma kabisa, kioo chake ni 1366 kwa 768, yaani HD ya kawaida, sio Full HD. Kuna watu wataniambia nimepigwa. Sikiliza, hesabu zake ziko hivi: hiyo ni nukta milioni moja na kidogo, Full HD ya 1920 kwa 1080 ni milioni mbili na kidogo, karibu mara mbili. Lakini mimi nakaa mita mbili na nusu kutoka kwenye TV na ni inchi 32, nilisimama dukani umbali huo huo nikaziangalia mbili zimewekwa pamoja na flashi yangu, nikashindwa kutofautisha, nikasogea karibu ndo nikaona. Ningekuwa nachukua inchi 43 hapo ningetafuta Full HD kwa nguvu zote. Kwa 32 bora HD ya kweli kuliko 4K ya stika.

Wakati nalipa kijana wa kaunta akaniuliza waya wa HDMI, ule wa kuungia king'amuzi kwenye TV, nikuwekee, elfu 8. Nikamwambia nyaya ninazo. Kumbukeni hilo.

Bajaji mpaka Mbagala Rangi Tatu elfu 15, nimeishika wima njia nzima katikati ya magoti maana flati hailazwi, kioo ni chembamba na mashimo ya barabara unayajua. Chogo tulikuwa tunalibeba watu wawili tunapumzika katikati, hii nimeshuka nayo kwa mkono mmoja mtaa mzima unaniangalia.

Kufika ndani haiingii kwenye kabati. Lile kabati fundi seremala alilichonga kwa ajili ya chogo, tundu la sentimita 60, TV mpya ina upana wa 72 na miguu yake iko pembeni pembeni kabisa huku na huku. Hilo sikulipima na niliona aibu kidogo kwa mtu aliyekuwa anachuchumaa Kariakoo. Elfu 15 zilizobaki zikaenda kwenye bracketi ya ukutani, laki nne ikaisha kamili.

Sasa zile nyaya zangu. Nakaa Rangi Tatu na nyaya zangu ni rangi tatu, nyekundu nyeupe njano, zile za AV za tangu enzi za deki. Ndani ya boksi kuna kikebo kifupi cha kuziunganishia, nikaunga king'amuzi, nikawasha, familia imekaa kwenye mkeka tayari.

Jamani.

Watu wanene. Mtangazaji wa habari ambaye namjua miaka yote amepata mashavu, wachezaji wafupi wamebanwa kama wamekaliwa, uwanja umekuwa mlenda, huoni jani wala mstari. Mke wangu akaangalia dakika kama tano hivi akasema "bora chogo" akaenda jikoni. Nikashinda kwenye setingi, nikapandisha mwanga nikashusha, nikabadili Vivid nikaweka Cinema, ile ya kunenepa nikaitoa nikapata michirizi myeusi pembeni, mlenda ukabaki mlenda. Siku kumi na moja nimeangalia hivyo nikijiambia macho yatazoea.

Robo fainali, Ijumaa tarehe 22, sisi na Morocco, shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, akaja kuangalia mpira. Kipindi cha kwanza chote anahangaika kwenye kiti, anafinya macho, mapumziko akawasha tochi ya simu akachungulia nyuma ya TV akasema "shem, hii umeunga AV?" Nikamwambia ndio kwani vipi. Hakujibu, alitoka mbio na elfu 6 yangu akarudi na waya wa HDMI kutoka duka la vifaa vya simu pale stendi, akachomeka, akaingia kwenye setingi za king'amuzi ambako picha ilikuwa imewekwa 576, ukali wa kichogo, akapandisha mpaka 1080i, ambayo ni HD. Skrini ikazima sekunde mbili ikarudi.

Yaani niliona nyasi. Niliona jasho kwenye shingo ya mtu. Niliona namba za jezi upande wa pili wa uwanja. Huo waya wa njano haubebi HD hata ufanyeje, haujatengenezwa kwa hiyo kazi, picha inayopita hapo ni ile ile ndogo ya chogo, na chogo lilikuwa linaificha kwa sababu skrini yake ndogo na yenyewe haina ukali, flati inaichukua inaivuta mpaka inchi 32 na kila ubaya unauona. Kwa hiyo siku kumi na moja nilikuwa namlaumu mchina bure. Mashabiki nao walionekana vizuri sana, na goli la Morocco kipindi cha pili tuliliona vizuri sana, neti ilivyotikisika uzi kwa uzi, tukafungwa 1-0 tukatolewa. Mke wangu akasema rudisheni ule waya wa zamani.

Ila HDMI nayo sio uchawi, chaneli ambayo king'amuzi hakijaiandika HD itabaki ukungu ukungu, na kwangu chaneli nyingi ni hizo.

Malalamiko yangu baada ya miezi kadhaa ni haya. Sauti ni mbovu, spika ziko chini zinaangalia sakafu, mtu anaongea kama yuko ndani ya ndoo, nimeunga sabufa kwenye tundu la hedifoni na imekuwa sawa lakini ukinunua flati jua sabufa iko kwenye bajeti. Usmati wake mimi sijaona faida kubwa, sina waifai, nilifungua hotspoti ya simu siku moja watoto waangalie katuni bando la GB 3 likakata kabla sijamaliza kula, sasa nenosiri nalijua mimi tu. Rimoti ni nyembamba mno inaingia kwenye mikunjo ya sofa kila siku.

Umeme hapo sina neno. Nyuma ya chogo iliandikwa wati 85, hii 50, masaa sita kwa siku nimehesabu ni kama yuniti sita hivi kwa mwezi zinabaki kwenye LUKU. Nimeweka stebilaiza kwa sababu umeme wa kwetu ukirudi unarudi na hasira, na jirani fundi simu akanishauri nishushe backlight kutoka 100 mpaka 60, anasema hizi flati zinazokufa mapema nyingi ni taa za nyuma zimeungua, sauti unaisikia picha giza, ukimulika skrini na tochi unawaona watu kwa mbali kama mizimu. Usiku wa kwanza niliona imefifia, baada ya wiki moja nikasahau.

Chogo liko uani, fundi yule yule wa elfu 25 ametaka kulichukua kwa elfu 10 apate spea, mke wangu amekataa kuliuza. Juzi nimemkuta amelichomeka anajaribu kofi.